Kapasita ya Miguu Mirefu

Siku tulipomzika fundi, watu walinisubiri mimi. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, na Mzaramo akifia hapa Tabora, mtani wake Mnyamwezi ndiye anayefungua kicheko. Tumeyakuta hayo kwa babu zetu waliobeba mizigo kwenda Pwani na kurudi. Walipofia njiani, wenyeji wa njiani ndio waliowazika, na mtu atakayekuzika lazima mzoeane mpaka mtukanane. Kwa hiyo mtani anakuja msibani anamwiga marehemu. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, analalamikia chai kama yeye. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na msiba unaanza kulegea.

Na kuiga ndiyo kazi yangu. Shule sikufika hata mlangoni, haya nayasema kwa mdomo na mwingine anaandika. Lakini sauti nilipewa. Naiga vijana wanaosomea upadri kule Kipalapala wanavyowasalimia akina mama huku wanaangalia chini. Namwiga mwenyekiti wetu anavyosema "ndugu wananchi" akiwa na watu wawili mbele yake na mmoja amesinzia. Namwiga Mwarabu wa duka la vitambaa anavyosema "hii haitoki rangi, mama yangu" na vidole vyake vimeshakuwa bluu. Hata redio naiiga, inapopoteza stesheni.

Siku ile walipokuwa wanamtoa ndani, nikasimama uani. Wanawake wakapisha, wakaniachia nafasi kama wanavyomwachia mcheza ngoma. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Kulia sikulia, maana kulia ningekutambua. Kulikuwa kimya tu humo ndani, kama nyumba ambayo watu wake wamehama na mikeka yao. Mama mmoja akasema, "Mtani amezidiwa," wakanishika mikono wakanikalisha. Sikuwa nimezidiwa. Nilikuwa nimekaa nahesabu sufuria za jirani kwa macho, basi.

Jeneza likaondoka bila kicheko.

Nikarudi kijijini kwangu Ntalikwa. Kuanzia siku ile nikawa nasalimia watu kwa sauti yangu mwenyewe, na watu wakawa wananiuliza kama naumwa. Nilikunywa uji niliousahau sukari nikaumaliza. Nilishika sufuria ya moto nikaja kujua baadaye nilipoona ngozi ya kidole imevimba. Sikuhuzunika. Sikufurahi. Nilikuwa nafagia tu.

Huyu fundi alikuwa na kibanda pembeni mwa barabara ya kuingilia mjini ukitokea kwetu. Alikuwa anatengeneza redio, na tangu watu walipoanza kununua sola, akawa anatengeneza na mambo ya sola. Nikishuka mjini na michembe yangu ya kuuza, viazi vitamu vilivyokaushwa, lazima nipite kwake.

"Mpagazi wangu," ananiambia kabla hata sijatua kapu, "leo umebeba nini? Pembe za ndovu?"

"Nimebeba michembe, mla ugali wa bada wewe. Meno ya kuitafunia unayo au uliyaacha Pwani?"

"Meno ninayo. Ninachokosa ni sababu. Mtu mzima nikae hapa natafuna soli ya kiatu?"

Halafu anaitafuna, mpaka inakwisha, na vipande vingine anamwekea binti yake. Binti huyo ndiye mtoto wake wa pekee, mkubwa tu, na alikuwa anakaa meza moja na baba yake toka alipokuwa mdogo wa kufikia meza kwa kusimama juu ya kreti. Alikuwa anaongea huku kashika waya kwenye meno, kwa hiyo kila neno lake lilitoka limebanwa. Na hiyo nilikuwa naiiga.

Kazi aliyoipenda mzee wangu yule kuliko zote ilikuwa kutengeneza vishusha umeme. Watu wa vijijini wananunua betri mbili za lori, wanaziunganisha, unakuwa umeme wa volti ishirini na nne. Amplifaya ya spika inataka kumi na mbili. Ukiipa ishirini na nne, mara moja tu, utajua kwa harufu. Kwa hiyo katikati panawekwa kishusha. Mimi nilimuuliza tu kwa uchokozi, nikamwambia, "Kitu cha kupunguza tu, unakaa nacho wiki nzima? Si umwage nusu?"

Basi akakohoa. Alikuwa na kikohozi kikavu cha kuanzia mazungumzo, kama mtu anasukuma mlango wa stoo.

"Sikia, mtani. Kuna wanaoushusha umeme kwa kuuchoma, unageuka joto, unapotea. Ushamba huo. Mimi naukata. Ndani humu mna kaswichi, kanafungua, kanafunga, kanafungua, kanafunga, haraka hata jicho la Mnyamwezi halioni."

"Jicho la Mnyamwezi liliiona njia ya Pwani bila taa."

"Likaiona, likarudi na deni la shanga. Sikia. Umeme uliokatwa ni vipande. Ni kama wewe unatwanga. Mchi unapanda, mchi unashuka, dup, dup. Lakini unga unaokuja kupikia ni laini. Nani kaulainisha?"

"Mimi na chekeche langu."

"Humu, chekeche ni koili na kapasita. Koili ni mtu mzito. Umeme ukitaka kukimbia, yeye anasema taratibu. Ukitaka kusimama, anasema bado kidogo. Kapasita ni mtungi, panapopungua anaongeza. Sasa ukichagua koili ndogo kuliko kazi, inashiba, inachemka, inaanza kulia. Ukichagua kapasita iliyokauka, ndio mtungi wenye ufa huo."

"Na hizo kelele ninazozisikia kwenye redio yangu ya nyumbani nikiwasha sola?"

"Hizo ni mdundo wa mchi. Unga umeupata, lakini mtaa mzima umejua kwamba unatwanga."

Nikacheka. Nikamuuliza, mdundo unaondokaje. Akakohoa tena.

"Hauondoki. Unapunguzwa mpaka sikio lisamehe. Niambie, ukitwanga, kapu la mahindi unaliweka wapi? Ukiliweka kule mlangoni na kinu kiko hapa, kila ukitaka kutia unakimbia kule, unarudi huku, mtaa unasikia miguu yako. Liweke hapa hapa, goti liguse kapu. Kapu ndiyo kapasita ya pale umeme unapoingilia. Ikae inagusana na swichi. Miguu yake iwe mifupi, njia iwe fupi. Halafu chini ya kinu unaweka gunia."

"Gunia nilitoe wapi?"

"Wanyamwezi mmekosa gunia? Mzigo wote mlioubeba mlibebea nini, kanga?"

Kila alipotengeneza kishusha, vile vidude alivipachika kwanza vikiwa na miguu mirefu, vimesimama juu ya bodi kama korongo. Anajaribu hiki, anatoa, anaweka kingine. Koili ya duara, koili ya kijiti, kapasita kubwa, kapasita ndogo ya udongo kama punje ya dengu. Pembeni ana redio ndogo, ameiweka katikati ya stesheni na stesheni, anaipitisha juu ya bodi kama mtu ananusa samaki sokoni. Inapopiga kelele zaidi, hapo ndipo pabaya. Nilikuwa namuuliza mbona hizo korongo zako hazikai.

"Miguu mirefu ni ya mgeni, mtani. Bado hajaamua kama analala. Akishaamua, namkata miguu asiondoke."

Maneno hayo yote niliyashika kama yalivyo, na kikohozi chake. Sikuwa najua ni nini, najua yalivyokuwa yanalia. Nilikuwa nayasema mbele ya wateja, naweka miwani yake puani, binti anacheka mpaka waya unamdondoka mdomoni, na mwenyewe anasema, "Mama huyu akipewa solda, mimi nitafunga kibanda."

Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini, akasema anajilaza kidogo. Hakuamka.

Msibani alikuja mdogo wake kutoka Pwani, tukawa tunamwita baba mdogo kama binti anavyomwita. Si mtu mbaya. Ana kauli yake ya "kwa hiyo basi", anaiweka mbele ya kila kitu kama mtu anayetanguliza fimbo gizani. Watu walipopungua, akamwita binti, akaniita na mimi kwa kuwa ni mtani na mtani hafukuzwi kwenye mambo ya ndani.

"Kwa hiyo basi," akasema, "kibanda hiki mwanangu hutakiweza. Mteja akimwona mwanamke mezani anauliza fundi yuko wapi. Wanangu kule wana duka la kutengeneza simu, wana shida ya vifaa. Arobaini ikipita nafunga vyombo vya kaka naondoka navyo. Wewe tutakuletea sehemu yako."

Binti akasema, "Baba mdogo, mimi ni fundi."

"Kwa hiyo basi unasema wewe ni fundi."

"Nasema mimi ni fundi."

Yule mzee akafikiri. Juu ya meza ya marehemu walikuwa wametandika shuka jeupe, na chini ya shuka kulikuwa na kishusha ambacho hakijamalizika, cha spika ya madrasa iliyo nyuma ya nyumba yao. Akasema, "Arobaini tutasoma hitma, na spika ya madrasa ndiyo tutakayoitumia. Kaka aliahidi. Kwa hiyo basi kimalize. Sauti ya shehe ikitoka safi, vyombo vinabaki. Ikitoka inakwaruza, sina la zaidi." Akalifunua shuka mwenyewe, nusu ya meza.

Sijui kwa nini nilianza kwenda kibandani kila nikipata nafasi. Sikuwa na la kufanya pale. Nilikaa kwenye kreti ya zamani ya binti, nikatazama. Nyumbani nilikuwa natazama ukuta, pale nilikuwa natazama mikono. Ilikuwa ni mamoja.

Binti alikuwa anafanya kazi. Kwanza aliunganisha, akawasha, spika ikasema *shhhhh*, na ndani ya ile *shhhhh* kulikuwa na *wiiii* nyembamba, kama mbu kwenye neti. Akazima. Akabadilisha koili. Ile ya kijiti akaitoa, maana iko wazi huku na huku inamwaga hovyo, akazungusha waya kwenye duara jeusi, mzunguko kwa mzunguko, ulimi uko nje pembeni kama baba yake. Alipowasha, ile *wiiii* ikapungua. *Shhhhh* ikabaki.

"Hii ilikuwa inashiba, bibi," akaniambia kwa waya wake menoni. "Amplifaya ikivuta sana, inashindwa."

Nikasema, "Haya."

Akabadilisha kidude kingine, dayodi, akaweka ya haraka zaidi. Akaongeza kapasita upande wa kutokea, kubwa moja, na pembeni yake ile ya punje ya dengu. Waya wa kwenda kwenye amplifaya akausokota pamoja na mwenzake. Waya hasi wa amplifaya akauhamisha, usishiriki njia moja na hasi ya betri. Kila alipogusa kitu aliwasha, akasikiliza, akazima. Kila mara ilipungua kidogo, na kila mara ilibaki. Chai aliyoniletea iliniunguza ulimi na nikaendelea kuinywa.

Nikaona kitu, lakini nilikiona kama unavyoona mbuzi akipita. Kila kidude alichoweka yeye, alikitoa akakirudisha. Lakini pale mwanzo wa bodi, umeme unapoingilia, kulikuwa na kapasita moja kubwa ya bluu, imesimama kwenye miguu mirefu kama korongo. Hiyo hakuigusa. Mkono ulifika karibu, ukazunguka, ukaenda kwingine. Hiyo ilikuwa imewekwa na baba yake.

Si hiyo tu. Kikombe cha baba yake kilikuwa kimeachwa pale kilipokuwa, na majani ya chai yamekaukia ndani. Miwani pale pale. Msumeno mdogo pale pale, umelala vile vile alivyoulaza. Kwao vitu vya marehemu havipangwi upya mpaka arobaini ipite, na baba mdogo kufunua shuka kulimpa ruhusa ya kufanya kazi, hakukumpa mkono wa kuondoa. Watoto wengi nimewaona wanaacha kandambili za baba mlangoni mpaka zinaota vumbi. Huyu aliiacha kapasita.

Siku moja kabla ya hitma, mchana, baba mdogo akaja kusikiliza. Alikuja na gunia jipya, limekunjwa vizuri, akaliweka mlangoni. Niliona ni la kufungia vyombo.

Binti akawasha. *Shhhhh.*

Yule mzee akainamisha kichwa akasikiliza kwa haki kabisa, sikio hili, halafu sikio lile. "Kwa hiyo basi," akasema, "hii ni kama mtu anakaanga vitumbua nyuma ya shehe."

"Bado sijamaliza, baba mdogo."

"Hitma ni kesho asubuhi, mwanangu."

Akatoka nje kuvuta hewa. Binti akachukua ile redio ndogo ya baba yake, akaipitisha juu ya bodi. Kwenye koili, kidogo. Kwenye dayodi, kidogo. Alipofika kwenye ile kapasita ya bluu, katikati ya ile miguu miwili mirefu, redio ikapiga ukelele. Akaiondoa haraka. Akaipitisha tena sehemu nyingine, kana kwamba hakusikia.

Na hapo mimi nikakohoa.

Sikukusudia. Koo lilikauka tu kwa vumbi la barabarani. Lakini kikohozi kilichotoka hakikuwa changu. Kilikuwa kile kikavu, cha mlango wa stoo. Binti aligeuka ghafla, uso umebadilika. Na mimi mdomo ukawa umeshafunguka, na sauti ikatoka yenyewe, ya taratibu, ya Pwani, sikuiita wala sikuizuia.

"Sikia, mtani. Mahindi umeyaweka wapi?"

Binti akaiweka redio mezani.

"Kapu liko kule mlangoni, kinu kiko hapa. Unakimbia kule, unarudi huku. Mtaa wote unasikia miguu yako."

"Bibi," akasema.

"Miguu mirefu ni ya mgeni. Bado hajaamua kama analala."

Akakaa chini kwenye kiti cha baba yake, ambacho siku zote hizo alikuwa hakikalii, anafanya kazi amesimama. Waya ukamtoka mdomoni. Akasema polepole, na kwa mara ya kwanza neno lake halikubanwa: "Najua, bibi. Nimejua toka siku ya kwanza. Hiyo ni ya kujaribia tu, alikuwa hajaifupisha. Najua inapotakiwa kukaa."

"Sasa?"

"Aliiweka Alhamisi. Mimi nilimshikia tochi."

Nje baba mdogo alikuwa anazungumza na muuza mkaa, "kwa hiyo basi gunia moja," na kadhalika. Mimi nikajiangalia humo ndani kama kuna kitu kimeamka. Hakuna. Sauti ilikuja ikapita kama mgeni anayeomba maji tu na kuendelea na safari. Lakini akili ilikuwa safi, na nikakumbuka mimi ni nani pale.

Mtani anaruhusiwa. Mtani analala kitandani kwa marehemu, anavaa kofia yake, anachukua kuku wake uani, na mfiwa akinuna anachekwa yeye. Mambo ambayo mtoto hawezi kuyagusa kwa heshima, mtani anayagusa kwa kutokuwa nayo. Nikanyanyuka kwenye kreti. Nikachukua miwani ya fundi mezani, nikaivaa. Nikakinyanyua kikombe chake, nikamwaga majani nje ya mlango. Binti ananitazama tu. Halafu nikachukua koleo ndogo ya kukatia.

"Zima hiyo mashine yako nisife, nikaambiwa nimemfuata," nikamwambia. Hiyo niliisema kwa sauti yangu.

Akazima, akachomoa na betri. Akachukua bisibisi akaigusisha kwenye ile miguu miwili, ikatoa cheche ndogo, *tak*. "Ilikuwa bado na umeme ndani," akasema.

"Kaidi kama mwenyewe," nikasema. Nikaikata. Mguu wa kwanza, mguu wa pili. Kapasita ikaangukia mezani ikabingirika mpaka kwenye msumeno, ikasimama.

Binti akaiokota, akaitazama upande wa chini, na akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Bibi, umeikata shingoni. Hamna mguu hata wa kushikia. Haitarudi hii."

"Si ulisema miguu mifupi?"

"Mifupi, bibi. Siyo kuchinja."

Akacheka mpaka machozi yakaja, na machozi yalipokuja hayakuondoka, akawa anafanya vyote viwili kwa pamoja, kama wafiwa walivyotakiwa kufanya siku ile uani. Baba mdogo akachungulia. Akaniona nimevaa miwani ya kaka yake na koleo mkononi, akarudisha kichwa nje. Anajua utani vizuri.

Binti akafuta uso kwa kiganja. Akavuta kopo lake la kapasita, akaanza kuchagua. Hii akaitupa, kichwa kimevimba. Hii akaisoma ubavuni, akaitupa: "Ya volti thelathini na tano. Jua likiwaka betri zinapanda mpaka karibu thelathini, bibi, hii itaishi kwa mashaka." Akaipata ya hamsini, fupi, nene, akaigeuza akasoma tena: "Na joto inavumilia." Akang'oa vile visiki nilivyoviacha, akasafisha matundu. Akailaza kapasita mpya ikiwa imegusa bodi, goti kwenye kapu, inapakana na swichi. Chini yake, upande wa shaba, akaweka ile ya punje ya dengu. Moshi wa solda ukapanda. Mikono yake haikuzunguka popote, ilienda moja kwa moja.

Akawasha.

Spika ikasema *sss*. Nikaenda kuweka sikio. Ilikuwepo, mbali, kama mtu anayepumua chumba cha pili. Akaipitisha redio juu ya bodi, ikanung'unika, haikupiga ukelele popote.

"Hauondoki," akasema.

"Unapunguzwa mpaka sikio lisamehe," nikasema, na sijui nilisema kwa sauti ya nani.

Kesho yake wakasoma hitma. Wanaume walikaa mbele ya nyumba, sisi uani na masufuria ya pilau. Spika ilifungwa kwenye mlimao ulio karibu na ukuta, waya ukapita dirishani. Shehe alipoanza, sauti yake ikatufikia uani ikiwa nzima, mpaka mate anayomeza tukayasikia. Binti alikuwa amekaa karibu yangu, hasikilizi dua, anasikiliza nafasi kati ya maneno. Kila shehe alipovuta pumzi, na yeye alizuia yake. Baba mdogo nilimwona kupitia mlango wa ua. Amekaa chini ya spika kabisa, kichwa ameinamisha, sikio hili, halafu sikio lile.

Ilipokwisha, watu wakala. Wanawake wakanigeukia. "Mtani, leo una deni. Siku ile ulitunyima." Nikasimama. Nikakohoa, nikatembea mwendo wake wa kuburuta kandambili moja, nikaomba chai, nikaionja, nikasema, "Hii chai imepita karibu na majani, lakini hawakusalimiana." Wakacheka. Mama mmoja mtu mzima akajifunika uso na kanga, akacheka humo ndani mpaka akakohoa. Ilikuwa sauti ya fundi kabisa, niliisikia mwenyewe kwamba ni yeye. Nilikuwa nawaangalia wanavyocheka kama unavyoangalia mvua ikinyesha upande wa pili wa barabara.

Baba mdogo akaja mlangoni. Binti akasimama.

"Kwa hiyo basi," akasema, na wanawake wakanitazama wakitegemea nimwige, sikumwiga. "Kuna kitu kidogo kinasikika shehe akinyamaza."

"Kipo, baba mdogo," binti akasema. "Hakiondoki chote."

"Kwa kaka kilikuwa kinasikika?"

"Kilikuwa kinasikika hivyo hivyo."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akasema wanawe wana mikono yao na vyombo watanunua. Akamwambia abadilishe kufuli la kibanda, lile limechakaa. Halafu akatazama huku na huku, anatafuta pa kuweka macho, na macho yakaangukia lile gunia jipya, limekunjwa pale pale mlangoni.

"Hilo gunia ni langu," nikasema. "La mtani. Usiliguse."

"Mpagazi hakosi gunia," akasema, akaniachia.

Ile kapasita ya bluu niliifunga kwenye pindo la kanga siku ile niliyoikata. Kanga imefuliwa mara nyingi sasa na sijui ilidondokea wapi. Gunia ninalo. Nimelikunja nikaliweka chini ya kinu. Asubuhi natwanga, na jirani yangu ambaye zamani alikuwa anajua kabla ya mtu yeyote kwamba nimeamka, sasa anakuja kuchungulia uani kama nipo. Nipo. Kapu liko karibu na goti. Mchi unapanda, unashuka, na mdundo wake nausikia kidogo tu, mikononi kuliko masikioni.